Upasuaji wa uvimbe mkubwa wa ini usio saratani: tathmini ya huduma kwa mgonjwa wa Malindi na Lamu

Mtu ameenda kupimwa mimba, au tumbo linamjaa baada ya tonge tatu za wali. Anapigwa altrasaundi, anatoka na karatasi iliyoandikwa "uvimbe wa sentimita 12, ini upande wa kulia". Kuanzia hapo nyumba nzima haipati usingizi. Jirani ameshasema ni kansa, mjomba ameshafungua kundi la WhatsApp la mchango, na kabla wiki haijaisha mgonjwa yuko ndani ya matatu ya Mombasa akitafuta wa kumpasua.

Tunaipima hapa huduma yote anayoipitia mtu huyo: picha, uamuzi, kisu chenyewe, damu, na siku za kupona. Hukumu yetu tunaitanguliza. Kisu kikishikwa na mkono uliozoea ini, hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote. Panapoharibika ni kabla ya kisu: picha pungufu, na haraka ya kukata kitu ambacho kingeachwa mahali pake miaka yote. Ukubwa peke yake si sababu ya kupasuliwa. Ukitaka kujua kama umepata huduma nzuri au mbaya, anza kwa kusikiliza sababu uliyopewa.

Jina kwanza, sentimita baadaye

Karatasi ikisema "uvimbe" tu haijasema kitu. Uvimbe usio saratani unaofikia ukubwa huo mara nyingi ni mmoja kati ya watatu, na kila mmoja una njia yake.

Hemanjioma ndiyo inayoonekana zaidi. Ni fundo la vijishipa vya damu vilivyotanuka, ukilishika ni kama sponji iliyolowa. Ikipita sentimita 5 wengi huiita kubwa, na zipo za sentimita 20 na zaidi. Haigeuki saratani, na kupasuka yenyewe ni nadra sana hata ikiwa kubwa. Wa pili ni FNH, uvimbe wa seli za ini la kawaida zilizojipanga kuzunguka kovu lenye umbo la nyota. Huu haugeuki saratani, hauna tabia ya kuvuja damu, na karibu kila mara huachwa.

Wa tatu ni adenoma, na huu ndio wa kuogopwa. Huwapata zaidi wanawake waliotumia vidonge vya kupanga uzazi kwa miaka, pamoja na wanaume wanaojidunga homoni za kujenga misuli. Adenoma inaweza kupasuka na kumwaga damu tumboni, na baadhi hugeuka saratani. Ikipita sentimita 5 kwa mwanamke, hatari zote mbili hupanda. Kwa mwanaume hata ndogo huondolewa, kwa sababu kwake uwezekano wa kugeuka ni mkubwa zaidi.

Kwa hiyo daktari anayesema "ni kubwa, tutoe" bila kutaja jina, bado hajafanya kazi yake.

Tena lazima kitu kisicho saratani kithibitishwe kuwa kweli si saratani. Afrika Mashariki homa ya ini B ipo, na mahindi yaliyoingia ukungu huleta sumu ya aflatoksini. Hayo mawili ni chanzo kikubwa cha saratani ya ini. Vipimo vya homa ya ini B na C, pamoja na kipimo cha damu cha AFP, vifanywe hapa hapa Malindi kabla ya nauli kulipwa. AFP iliyo juu sana ni kengele. AFP ya kawaida haimwachilii mtu, kwani saratani nyingine za ini hazipandishi kipimo hicho. Jipu la ameba nalo huonekana kama uvimbe, ila huja na homa na maumivu ya mbavu za kulia, na tiba yake ni metronidazole, mara nyingine na kunyonywa usaha. Kwa wafugaji na watu wanaoishi karibu na mbwa na kondoo kuna vifuko vya maji vya mnyoo wa mbwa. Hivyo havichomwi sindano kwa kubahatisha, maana maji yake yakimwagika tumboni mwili unaweza kuzirai ghafla na vifuko vipya vikaota kila mahali.

Sindano ya kuchukua kinyama ina wakati wake, lakini hemanjioma haidungwi ikiwa picha imeshatoa jibu. Ni kutoboa mfuko wa damu ili uambiwe ni mfuko wa damu.

Picha: hapa ndipo tunapotoa alama za chini

Altrasaundi ya kwanza tunaisifu. Ni rahisi, iko karibu, na ndiyo inayogundua. Ripoti nzuri hutaja vipimo vitatu vya uvimbe, kipande cha ini ulipo, kingo zake, mwendo wa damu ndani yake, hali ya mshipa mkuu wa porta (unaoleta damu ya utumbo kwenye ini), na ukubwa wa bandama. Nyingi tunazosoma zina mstari mmoja na nusu.

CT skani ndiyo inayokatisha tamaa. Ini lina milango miwili ya damu, ateri na mshipa wa porta, na kila uvimbe hunywa damu kwa namna yake. Ndiyo maana picha moja haitoshi. Inatakiwa mfululizo: kabla ya dawa ya picha, kisha sekunde 35 hivi baada ya dawa kuingia, kisha sekunde 70 hivi, kisha dakika 3 hadi 5. Hemanjioma hung'aa kwanza pembezoni kwa vidoadoa vinene, halafu mng'ao unaingia ndani taratibu mpaka picha ya mwisho. FNH hung'aa yote kwa mkupuo kwenye picha ya ateri, kisha inafanana na ini lililobaki, kovu la katikati likichelewa. Mpigapicha akichukua ile ya sekunde 70 peke yake, vitu hivyo viwili vinaweza kufanana, na hata saratani inaweza kujificha humo.

Tazama mkono wa mgonjwa kabla hajaingia kwenye mashine. Dawa ya picha huingia kwa mililita 3 hadi 5 kila sekunde, kwa mashine ya kusukuma, kupitia mshipa wa kwenye kiwiko. Kanyula, ile sindano ya plastiki inayoachwa mshipani, inayobeba kasi hiyo ni ya kijani au ya waridi. Akiwekewa ya bluu nyuma ya kiganja na dawa ikasukumwa kwa mkono, picha ya ateri imeshaharibika kabla haijapigwa, na mgonjwa atalipa mara ya pili Mombasa au Nairobi. Jambo hili ni dogo na linawagharimu watu pesa nyingi. Kipimo cha figo kitangulie, na anayekunywa metformin kwa ajili ya kisukari aseme mapema.

Ukitoka, dai diski yenye picha zote, si filamu peke yake. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dhidi ya dirisha na kutumwa kwa daktari haipimiki. Kwenye diski daktari anapima ujazo, anafuata mshipa kwa mshipa, na anaweza kutoa maoni mgonjwa akiwa bado Shella au Barani nyumbani kwake. Yeyote anayekupa picha bila diski amekupa nusu ya ulicholipia.

Pale CT inapoacha shaka kati ya FNH na adenoma, MRI yenye dawa inayoingia kwenye seli za ini ndiyo mwamuzi. Baada ya dakika 20 hivi FNH hubaki imeshika dawa, adenoma nyingi haziishiki. Ni ghali na ni safari, lakini kwa msichana wa miaka 28 aliyetishwa kwamba atakatwa nusu ya ini, inafaa kila shilingi.

Nani apasuliwe

Kwa hemanjioma sababu ni chache. Maumivu au kushiba haraka kusikoisha, baada ya sababu nyingine kuondolewa. Kukua kwa kasi. Kupasuka. Na hali ile ambapo uvimbe mkubwa unakamata chembe sahani na vigandishi vya damu ndani yake, mgonjwa akabaki na damu isiyoganda. Hiyo ya mwisho huonekana kwenye kipimo cha kawaida: chembe sahani chini sana, muda wa kuganda umerefuka. Hapo hakuna mjadala.

Lile la maumivu linahitaji subira. Watu wengi wenye hemanjioma wana pia vidonda vya tumbo au mawe kwenye mfuko wa nyongo, na hayo ndiyo yanayouma. Apigwe kamera ya tumbo, achunguzwe bakteria wa vidonda, aangaliwe mfuko wa nyongo. Akipasuliwa bila hayo anaamka na kovu la mbavu hadi mbavu, na maumivu yako pale pale. Daktari aliyempeleka mgonjwa kwenye kamera kabla ya kisu tunampa alama za juu bila kusita.

Kwa adenoma hatua ya kwanza ni kuacha vidonge vya homoni, na kupunguza uzito pale unapozidi. Baada ya miezi 6 picha inarudiwa. Ikishuka chini ya sentimita 5 kwa mwanamke, anafuatiliwa. Ikibaki juu, inaondolewa, na mwanamke anayetaka mimba ashauriwe kumaliza jambo hili kwanza. Hapa wahudumu wa uzazi wa mpango wanaweza kuokoa mtu: mama aliyeambiwa ana adenoma asiondoke kliniki akiwa hana njia mbadala. Kitanzi kisicho na homoni kipo. Mwenye FNH au hemanjioma hana haja ya kulazimishwa kuacha vidonge.

Adenoma ikipasuka ghafla, maumivu makali ya juu kulia na presha ikishuka, si wakati wa kukimbilia kukata ini usiku. Damu ikijazwa na mgonjwa akitulizwa, hatua bora ni kuziba ateri inayolisha uvimbe: mrija mwembamba unapitishwa kinenani au kwenye kifundo cha mkono hadi ndani ya ini. Upasuaji unafuata baadaye, damu iliyomwagika ikishanyonywa na mwili. Tatizo la kwetu ni umbali. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na kutoka Lamu mtu anavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha Witu, Garsen, ndipo aone Malindi. Kwa hiyo kwa mtu wa Lamu mwenye adenoma ya sentimita 8 tunapendelea iondolewe kwa mpango, mapema kuliko tungesema kwa mtu anayeishi dakika kumi kutoka hospitali kubwa.

Maswali ya kumuuliza daktari wa upasuaji

Upasuaji huu kwa kawaida haufanyiki Malindi wala Lamu. Mgonjwa hupewa barua ya rufaa kwenda Mombasa au Nairobi. Jengo lenye vioo lisikudanganye. Kaa kitako, umuulize kwa heshima: "Daktari, mwaka huu umefanya upasuaji wa ini mara ngapi? Hili langu utalikwangua litoke peke yake au utakata kipande cha ini? Ini litabaki kiasi gani? Chumba cha wagonjwa mahututi kipo jengo hili hili?" Mtaalamu hakasiriki kwa maswali hayo. Akijibu "usijali, tumuachie Mungu" bila hesabu yoyote, mshukuru na utafute maoni ya pili. Kumuachia Mungu ni imani yetu sote, na hesabu nayo ni wajibu wake.

Hesabu ya kitakachobaki ndiyo inayokosewa mno. Tuseme ini pamoja na uvimbe ni mililita 3,000, na uvimbe peke yake ni 1,800. Ini linalofanya kazi ni 1,200. Kama baada ya kukata zitabaki mililita 420 za ini lenye afya, hiyo ni asilimia 35 ya 1,200, na kwa ini lisilo na makovu inatosha. Mpaka wa chini ni asilimia 25 hivi, na kwa ini lenye makovu hupandishwa hadi 40. Lakini mtu akigawanya 420 kwa 3,000 anapata 14, anamwambia mgonjwa haiwezekani, na mgonjwa anarudi nyumbani kukata tamaa. Uvimbe haufanyi kazi ya ini, hauingii kwenye hesabu. Mara nyingi uvimbe mkubwa umelisukuma ini pembeni tu, haukulila.

Damu ipangwe kabla ya tarehe. Painti 4 hadi 6 zilizolinganishwa na damu ya mgonjwa, pamoja na plazma, si nyingi kwa uvimbe wa sentimita 15. Ndugu wachangie wiki mbili kabla, kwani painti ya chembe nyekundu hukaa siku 35 hadi 42 kwenye friji. Mchangiaji awe na kilo 50 au zaidi, na hemoglobini ya 12.5. Upasuaji ukiangukia baada ya Ramadhani, msiwategemee waliofunga wachangie mchana. Panga waje baada ya futari, wakiwa wamekula na kunywa maji ya kutosha.

Aspirini na dawa nyingine za kufanya damu iwe nyepesi zisimamishwe siku 5 hadi 7 kabla, kwa amri ya daktari aliyeziandika. Anayetafuna muguka au miraa aseme ukweli kwa daktari wa usingizi na aache mapema, maana mapigo ya moyo na presha vinapanda. Chakula kizito kinakoma saa 8 kabla ya usingizi, maji matupu saa 2.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Ini hugawanywa vipande 8 kwa mpango uliowekwa na Mfaransa Claude Couinaud miaka ya 1950. Kila kipande kina ateri yake, tawi lake la porta na mrija wake wa nyongo, ndiyo maana mtu anaweza kutolewa viwili au vinne na vilivyobaki vikaendelea kufanya kazi.

Kuna njia mbili. Kukata ini ni kuondoa vipande pamoja na uvimbe. Kukwangua ni kuutoa uvimbe peke yake kama kokwa ya embe bivu, ini likibaki lote. Adenoma hukatwa pamoja na ini kidogo la pembeni. Hemanjioma, inapokuwa juu juu au pembezoni, tunapendelea ikwanguliwe, kwa sababu kati yake na ini pana ukuta mwembamba uliotokana na ini kubanwa, na kwenye ukuta huo mishipa na mirija ya nyongo ni michache na imesukumwa kando. Daktari akiupata ukuta huo, damu inayopotea ni kidogo na nyongo haivuji ovyo. Akiukosa kwa sentimita nusu upande wa ndani, amechana sponji na damu inachururika kila tundu. Akiukosa upande wa nje, anakata mirija ya nyongo bila sababu. Hemanjioma iliyo katikati kabisa, imekumbatia mishipa mikuu, au iliyochukua upande mzima, hukatwa tu.

Mpasuo hupita chini ya mbavu za kulia, mara nyingi ukipanda juu katikati hadi kwenye mfupa wa kifua. Usiudai uwe mdogo. Uvimbe wa sentimita 18 unaovutwa kupitia tundu dogo hupasuka mikononi. Upasuaji wa matundu kwa kamera unafaa kwa uvimbe wa pembeni na kwa daktari aliyeuzoea. Kwa hemanjioma kubwa sana, tundu kubwa ni usalama.

Kisha ini linafunguliwa kutoka kwenye kamba zake zinazolishikilia kwenye kiwambo cha kifua. Hapa ndipo pa kwenda polepole, kwani nyuma yake kuna vijishipa vifupi vinavyoingia moja kwa moja kwenye vena kuu, na kimoja kikikwanyuka damu haionekani inakotoka. Altrasaundi ndogo ya ndani ya tumbo inapitishwa juu ya ini kuhakiki mishipa.

Baadaye unazungushwa mkanda wa pamba kwenye shina linalobeba ateri, porta na mrija wa nyongo. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1908 na James Hogarth Pringle wa Glasgow, na mpaka leo haijapata mbadala kwa urahisi wake. Mkanda unakazwa dakika 15, unalegezwa 5, unakazwa tena. Muuguzi anahesabu kwa sauti. Ateri inayolisha hemanjioma ikifungwa kwanza, bonge lililokuwa limekaza hulegea mkononi na kunywea, likawa rahisi kugeuzwa. Timu inayojua kazi hungoja mnyweo huo kabla ya kugusa kingo.

Daktari wa usingizi ana nusu ya ushindi. Ini likiwa linakatwa, presha ya vena kuu inashikiliwa chini ya milimita 5 za zebaki kwa kubana dripu, ili mishipa ya ini isivimbe na kumwaga. Lakini ikishuka hivyo na mshipa wa ini ukachanika, hewa inaweza kuvutwa ndani hadi kwenye moyo. Ndiyo sababu kifaa cha kupima presha ndani ya ateri na mrija wa shingoni si mapambo. Bili ikionyesha vitu hivyo, lipa kwa moyo mkunjufu. Ini likishatengana, maji yanarudishwa.

Mishipa midogo huchomwa, inayozidi milimita 2 au 3 hufungwa kwa uzi au klipu. Mwishoni shashi nyeupe safi inabandikwa juu ya jeraha la ini na kusubiriwa. Doa la manjano au kijani ni nyongo, na tundu lake linashonwa papo hapo kwa uzi mwembamba. Shashi hiyo ya bei ndogo inaokoa wiki nzima za mrija tumboni. Kazi yote huchukua saa 3 hadi 6.

Siku za baada yake

Usiku wa kwanza chumba cha wagonjwa mahututi, au kitanda chenye uangalizi kama huo. Hemoglobini, bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) na kipimo cha kuganda vinarudiwa siku ya 1, 3 na 5. Siku ya 5 ina maana yake: bilirubini ikiwa juu ya mikromoli 50 kwa lita na wakati huo huo uwezo wa kuganda uko chini ya asilimia 50, ini lililobaki linashindwa, na hapo hakuna ruhusa ya kwenda nyumbani. Aliyekwanguliwa hemanjioma ni nadra kufika huko, aliyekatwa upande mzima aangaliwe kwa makini.

Mrija wa kutolea maji ukileta kimiminika cha waridi kinachopauka kila siku, ni sawa. Kikiwa cha kijani cha dhahabu na kunata, kipelekwe maabara. Bilirubini yake ikiwa mara 3 ya ile ya damu kuanzia siku ya 3, nyongo inavuja. Mingi ya mivujo hiyo hufunga yenyewe mrija ukiachwa mahali pake. Kosa ni kuung'oa siku ya 2 ili kitanda kipate mgonjwa mwingine.

Mgonjwa akae, apumue kwa nguvu, atembee kesho yake. Maji hupenda kujaa kando ya pafu la kulia, na damu hupenda kuganda miguuni. Panadol anapewa kwa kipimo kilichopunguzwa. Diklofenaki siku za mwanzo isiwepo.

Akiruhusiwa, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 8, tunashauri akae kwa ndugu Mombasa mpaka kliniki ya kwanza. Barabara ya kwenda Malindi ina matuta, na kovu la mbavuni linahesabu kila tuta. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Asinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 kwa wiki 6 hadi 8, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni marufuku. Wa Lamu apewe chumba cha chini badala ya kupanda ngazi za ghorofa mara kumi kwa siku, ashikwe mkono pande zote mbili kwenye boti ya Mokowe, na asipandishwe punda hata kama anajisikia vizuri. Homa ya 38, macho ya manjano, choo cheusi kama lami, au tumbo linalojaa upya: arudi siku hiyo, asingoje Jumatatu.

Kuhusu malipo, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na upasuaji uliopangwa unahitaji idhini kabla ya tarehe. Michango iwe imelipwa, na mtake hospitali iwaandikie bei kwa vipengele: chumba, daktari, usingizi, kila usiku wa uangalizi, damu, vifaa vya kukata na kubana, na histolojia (uchunguzi wa maabara wa uvimbe uliotolewa). Bei ya jumla isiyo na vipengele ndiyo inayozaa deni la kushtukiza.

Hiyo histolojia isisahaulike. Uvimbe wa kilo 2 ukisukumwa ndani ya ndoo ndogo ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, nje unaiva na katikati unaoza, na maabara haitaweza kusema ilikuwa nini. Ukatwe mabamba ya sentimita 1 hivi siku hiyo hiyo, na fomalini ya asilimia 10 iwe mara 10 ya ujazo wake. Uliza majibu kliniki ya kwanza, uyaweke pamoja na diski. Yakisema hemanjioma iliyotoka yote, mgonjwa hahitaji kurudishwa kwenye CT kila mwaka. Yakisema adenoma, arudiwe picha baada ya miezi 6, na yule aliyekuwa akimeza vidonge vya homoni asivirudie.